Je, Ugali Huleta Kisukari? Somo kutoka Sahani ya Babati

Mtu anapoambiwa kwa mara ya kwanza kuwa ana kisukari, neno analotoka nalo kliniki mara nyingi si jina la dawa bali ni katazo: acha ugali. Katika mji wa Babati katazo hilo ni zito. Mji huu, ulio kati ya Mlima Kwaraa na Ziwa Babati, umezungukwa na mashamba ya mahindi. Katika nyumba nyingi, ziwe za Wagorowa, za Wairaqw, za Warangi au za wageni waliokuja kwa barabara kuu itokayo Arusha, mlo usio na ugali, makande au wali hauhesabiwi kuwa mlo. Kumwambia mtu aache chakula hicho bila kumwambia ale nini badala yake ni kumpa mtihani usio na jibu. Wengine hujaribu kwa wiki mbili, wakadhoofika, kisha wakarudia ulaji wa zamani kwa kujificha. Wengine, na hao ndio wa kuhofiwa zaidi, huendelea kumeza glibenklamaidi au kujidunga insulini ilhali wameondoa wanga wote kwenye sahani, na sukari yao hushuka hadi wakaanguka shambani.

Ndani ya katazo hilo yamefichwa maswali mawili yanayochanganywa kila siku. La kwanza ni hili: je, vyakula vya wanga humfanya mtu asiye na kisukari akipate? La pili: mtu ambaye tayari anacho ale wanga kiasi gani? Majibu yake hayafanani, na mhudumu wa afya anayejibu la kwanza kwa maneno ya la pili humtia mgonjwa na familia yake nzima katika hofu isiyo na msingi.

Safari ya wanga mwilini

Wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi. Vimeng'enya vya mate huanza kuukata mdomoni, vile vya kongosho humalizia kazi katika utumbo mwembamba, na glukosi huingia katika damu. Kongosho hujibu kwa kutoa insulini, ambayo huwezesha misuli na ini kuipokea sukari hiyo. Hadi hapo hakuna ugonjwa. Hivi ndivyo mwili ulivyoumbwa kufanya kazi.

Jambo la kuangaliwa ni kasi na kituo. Punje nzima ya mahindi ndani ya makande hulindwa na ganda na kuta za seli, hivyo vimeng'enya huifikia polepole. Unga laini uliokobolewa hauna kizuizi hicho, na sukari yake hufika katika damu kwa haraka. Kuhusu kituo, msuli uliotumika kulima au kutembea huipokea glukosi kwa wepesi, lakini msuli uliokaa kutwa nzima huipokea kwa kusitasita. Mafuta yanapojaa kwenye ini na kuzunguka viungo vya tumboni, insulini hupoteza nguvu na kongosho hulazimika kutoa zaidi na zaidi, mpaka siku moja lishindwe.

Yaliyoonekana vijijini

Kama wanga peke yake ungekuwa chanzo cha kisukari, Afrika Mashariki ingekuwa imejaa wagonjwa tangu zamani. Haikuwa hivyo. Daktari Mwingereza Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda kuanzia mwaka 1929 hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, alishangazwa na uchache wa ugonjwa huo kwa watu walioishi kwa ndizi, viazi vitamu, mtama na mahindi. Mwaka 1975 aliandika hoja yake kwamba kinachowalinda ni nyuzinyuzi zilizobaki ndani ya wanga usiosafishwa, na kwamba wanga ulionyang'anywa nyuzinyuzi ndio unaopaswa kushukiwa. Hoja hiyo, ambayo leo hufundishwa duniani kote kana kwamba ilizaliwa Ulaya, ilitokana na wodi na vijiji vya Afrika Mashariki.

Ushahidi wenye takwimu ulipatikana Tanzania yenyewe. Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Profesa Donald McLarty wa Muhimbili, uliopima zaidi ya watu 6,000 wenye umri wa miaka 15 na kuendelea katika vijiji sita vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Waliokutwa na kisukari walikuwa chini ya mmoja katika kila mia. Hawa walikuwa wakulima ambao sehemu kubwa ya chakula chao ilikuwa ndizi, mahindi, muhogo na nafaka nyingine, yaani watu ambao kwa kipimo cha katazo la leo walistahili kuugua wote.

Hata hivyo, katika vijiji hivyohivyo takriban watu wanane katika kila mia walikuwa na sukari iliyopanda kupita kawaida ingawa haijafika kiwango cha kisukari. Onyo lilikuwapo tayari. Watu walikuwa na uwezekano wa kuugua, na kilichowazuia kilikuwa namna yao ya kuishi.

Namna hiyo ya kuishi imebadilika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba 9.1% ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na sukari iliyofikia kiwango cha kisukari au walikuwa wakitumia dawa zake. Umri uliopimwa na vipimo vilivyotumika havilingani na vya mwaka 1989, kwa hiyo namba hizo mbili zisiwekwe kwenye mizani moja. Lakini tofauti ni kubwa mno kuelezwa na vipimo peke yake, na katika kipindi hicho Watanzania hawakuanza kula wanga. Walikuwa wakiula tangu mwanzo.

Nini basi kilichobadilika? Utafiti mmoja uliwafuata watu 209 wa vijijini mkoani Morogoro waliokuwa wakihamia Dar es Salaam, ukawapima kabla ya kuhama na kuendelea kuwapima kwa mwaka mmoja. Wanaume wanaofanya kazi za nguvu walipungua kutoka karibu wanane katika kila kumi hadi takriban robo, na wanawake walipungua kwa zaidi ya nusu. Uzito uliongezeka kwa wastani wa zaidi ya kilo mbili katika mwaka huo mmoja. Ulaji wa mkate ulipanda, na wa nyama pia.

Babati si Dar es Salaam, lakini mabadiliko hayo yanaonekana hata hapa, kwa hatua ndogondogo. Mtu aliyetembea kilomita nne kwenda shambani sasa hupanda bodaboda. Mahindi yaliyotwangwa au kusagwa kwa jiwe sasa hukobolewa kwa mashine kabla ya kusagwa, na pumba zake huuzwa kwa wafugaji. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba ng'ombe, kuku na nguruwe wa mji huu hupata nyuzinyuzi, vitamini na madini ya mahindi, huku wenye mahindi wakibakiwa na kiini cheupe. Kando ya barabara kuna chipsi mayai, na chai ya asubuhi huambatana na vijiko vitatu vinne vya sukari na maandazi mawili.

Ukubwa wa hatari yenyewe

Wanga haujaachiwa huru kabisa. Utafiti mkubwa wa kimataifa unaoitwa PURE, ambao Tanzania ni mojawapo ya nchi zake, uliwafuatilia watu 127,594 katika nchi 20 na matokeo yake kutolewa mwaka 2024. Watu ambao vyakula vyao hupandisha sukari kwa kasi kubwa zaidi walipata kisukari kwa kiwango kilichozidi kwa 15% kile cha watu ambao vyakula vyao huipandisha polepole zaidi. Uhusiano huo ulikuwa na nguvu zaidi kwa wenye uzito mkubwa.

Asilimia hizo hutisha zisipofafanuliwa. Kama watu kumi katika mia wangepata kisukari kwa ulaji wa polepole, kwa ulaji wa kasi wangekuwa kati ya kumi na mmoja na kumi na wawili. Ni hatari ya kweli, na kwa taifa zima ni maelfu ya watu, lakini haifanani na picha ya ugali kuwa sumu.

Kuhusu wali, ambao Babati ni suala la karibu kwa sababu ya mashamba ya mpunga ya Magugu, watafiti haohao waliripoti mwaka 2020 kutoka kwa watu 132,373 wa nchi 21. Waliokula gramu 450 au zaidi za wali mweupe kwa siku, sawa na vikombe vitatu hivi vya wali uliopikwa, walikuwa na hatari iliyozidi kwa 20% ya wale waliokula chini ya gramu 150. Katika Asia ya Kusini tofauti ilikuwa 61%, lakini nchini China haikuonekana wazi. Chakula kilekile huleta matokeo tofauti kutegemea mwili unaokila, kinacholiwa pamoja nacho na kazi inayofuata.

Viazi mviringo vinafundisha somo hilohilo kwa njia nyingine. Mwaka 2025 jarida la BMJ lilitoa matokeo ya ufuatiliaji wa miaka mingi wa wahudumu wa afya zaidi ya 205,000 nchini Marekani. Waliokula chipsi mara tatu kwa wiki walikuwa na hatari iliyozidi kwa 20%. Waliokula viazi vya kuchemsha, kuoka au kuponda hawakuonyesha ongezeko la wazi. Kiazi ni kilekile, na kilichokigeuza ni karai la mafuta, na pengine chumvi na soda inayoandamana nacho.

Karibu zaidi na Babati ni jaribio lililofanyika mkoani Kilimanjaro kwa ushirikiano wa watafiti wa KCMC na wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, lililochapishwa mwaka 2025. Wanaume 77 wenye afya walishiriki. Baadhi ya wale wa vijijini, waliozoea vyakula vya asili vyenye nafaka zisizokobolewa, jamii ya kunde, ndizi na mboga, walipewa kwa wiki mbili vyakula vya kimagharibi. Baadhi ya wale wa mjini walirudishwa kwenye vyakula vya asili. Katika damu ya kundi la kwanza, dalili za mwako wa ndani wa mwili zilipanda. Katika kundi la pili zilishuka, na baadhi ya mabadiliko yaliendelea kuonekana wiki nne baadaye. Jaribio hilo halikupima kisukari, lilikuwa fupi na halikuhusisha wanawake, hivyo lisinukuliwe kuwa limethibitisha kinga. Lakini vyakula vya asili vilivyoleta nafuu vilikuwa na wanga kwa wingi.

Mwembamba naye

Maelezo ya uzito na mafuta huwafanya watu wembamba wajione salama. Hili ni kosa ambalo hata wahudumu hulifanya, wakimwacha bila kupimwa mtu mwembamba anayelalamika kiu, kukojoa mara kwa mara na kukonda. Tafiti zilizofanyika Mwanza zimeonyesha kwamba kwa Watanzania wengi wenye sukari ya juu, kasoro kubwa ni kongosho kushindwa kutoa insulini ya kutosha, na wengi wao hawana uzito uliozidi. Utapiamlo wa utotoni, maambukizi na urithi huhusishwa na hali hiyo. Kwa mtu wa namna hii, kuondoa chakula ni kuongeza jeraha. Anahitaji kipimo, dawa inayomfaa na mlo unaomrudishia mwili, wanga ukiwemo.

Kipimo hakibadiliki kwa umbo la mtu: sukari ya 7.0 mmol/L au zaidi kabla ya kula chochote, au 11.1 au zaidi saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi, ni kisukari. Pasipo dalili, kipimo kirudiwe siku nyingine kabla ya kumpa mtu jina la ugonjwa.

Maneno ya kliniki

Kwa mtu ambaye tayari ana kisukari jibu hubadilika, kwa kuwa sasa kongosho lake halimudu tena kile lilichomudu. Hapa kiasi cha wanga kina uzito mkubwa, na kumwambia aendelee kama zamani kwa kuwa babu zake walikula ugali bila kuugua ni upotoshaji. Lakini kupunguza si kuacha.

Mazungumzo yenye manufaa huanza na maswali. Je, ugali unaoliwa ni wa ukubwa gani, na familia inakula katika sinia moja au kila mtu na sahani yake? Mahindi hukobolewa? Mboga ni fungu moja kwa watu sita, au inatosha? Chai ina vijiko vingapi vya sukari, na hunywewa mara ngapi? Mgonjwa hufanya kazi gani kati ya mlo na mlo? Mara nyingi huonekana kwamba kabla ya kugusa ugali kuna mambo mawili matatu ya kuondoa ambayo hayamfukuzi mtu mezani pa familia yake: sukari ya chai, soda, juisi za dukani na maandazi ya asubuhi. Asali ihesabiwe humo humo, kwa sababu ingawa wengi huiona kuwa dawa, katika damu ni sukari. Uji wa unga uliochanganywa nafaka nyingi nao una sifa isiyolingana na kazi yake. Ni mwepesi, husagwa laini sana, hunywewa kwa wingi na hupandisha sukari upesi, hasa ukitiwa sukari.

Baada ya hapo ndipo sahani. Robo yake iwe ya wanga, na tonge la jumla lisizidi ngumi ya mgonjwa mwenyewe kwa mtu afanyaye kazi ya kukaa. Anayelima kutwa anaweza kuhitaji zaidi, na ni dhuluma kumpimia sawa na muuza duka. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, mnafu, majani ya maboga, figiri au mlenda. Robo iliyobaki iwe maharage, mbaazi, ngwara, kunde, dagaa, yai, au perege wa ziwani. Kuanza na mboga na maharage kabla ya ugali hupunguza mruko wa sukari baada ya mlo, na kutembea dakika kumi au kumi na tano baada ya kula huongeza nafuu hiyo.

Katika hili Babati ina bahati isiyotumika ipasavyo. Mbaazi hupandwa hapa katikati ya mahindi, kisha karibu zote husafiri kwenda India. Mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini humo, bei ilianguka na wakulima wakabaki na magunia ghalani. Kwa jicho la biashara yalikuwa hasara. Kwa jicho la lishe yalikuwa kile ambacho sahani ya mahindi inakikosa: protini, nyuzinyuzi, na wanga unaomeng'enywa taratibu. Makande ya mahindi na mbaazi, yaliyopikwa kwa mafuta kidogo ya alizeti na kuliwa kwa kiasi pamoja na mboga, ni mlo ambao mwenye kisukari na watoto wake wanaweza kula kutoka chungu kimoja. Jambo hilo si dogo. Mama anayelazimika kupika vyungu viwili ataacha kimoja, na atakachoacha ni kile chake.

Kwa watumiaji wa glibenklamaidi na insulini, badiliko lolote la kiasi cha wanga lipitie kwanza kwa mtoa huduma ili dawa irekebishwe. Wafundishwe pamoja na jamaa zao dalili za sukari kushuka: jasho jembamba, kutetemeka, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Hapo, na hapo tu, vijiko vitatu vya sukari katika maji ni dawa, vikifuatwa na chakula cha kawaida. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote, akimbizwe hospitali.

Tahadhari ya dona

Ushauri wa kula dona badala ya sembe ni mzuri kwa nyuzinyuzi, na ni nafuu pia, kwani mteja halipii kukoboa wala hapotezi uzito wa pumba. Lakini dona isitazamwe kama ruhusa ya kula bila kipimo. Ikisagwa laini na kuliwa kwa wingi, nayo hupandisha sukari.

Kuna jambo jingine ambalo mkoani Manyara halipaswi kupitwa. Mwaka 2016 mlipuko wa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara uliwapata watu 68, na 20 kati yao walifariki. Sumu hiyo hutokana na ukungu, na sehemu kubwa yake hukaa kwenye tabaka za nje za punje, zilezile zinazobaki ndani ya dona. Mhudumu anayeshauri dona aulize kwanza mahindi yanavyokaushwa na kuhifadhiwa. Yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo, mpaka punje iking'atwa ivunjike kwa mlio. Yahifadhiwe yakiwa makavu, juu ya vichanja, mbali na ukuta. Punje zilizovunda, kubunguliwa au kubadilika rangi zitengwe kabla ya kwenda mashineni, zisipewe mifugo wala zisitumike kupikia pombe. Kaya isiyo na hakika na mahindi yake iendelee na sembe kwa kiasi, na nyuzinyuzi izipate kwenye maharage na mboga mpaka msimu mwingine.